Cherehani ya Dada Philomena

Geita, 3 Mei 1954

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Mimi ni mzima, tena mzima wa furaha; sijui wewe huko Shinyanga. Pasi uliyonipa imefika. Nimelipiga pasi shati la Mihayo mara mbili ili tu nimtazame akilivaa. Mume wangu akitabasamu nasahau chungu jikoni. Jana tulikula ugali na harufu ya maharage yaliyoungua. Mgodini, anakofanya ukarani, ameagizwa apekue mafaili, aandike idadi ya vibarua waliojiua tangu vita viishe. Anarudi kimya, nami namwimbia mpaka acheke.

Vipi usingizi? Tangu shemeji akurudishe nyumbani hujaniambia.

Mdogo wako,
Serafina

Shinyanga, 21 Mei 1954

Mdogo wangu,

Marahaba. Mimi nipo. Usingizi utakuja. Nimekufungia rozari ya marehemu mama. Cherehani nayo nimempa Eustace, dereva wa lori, akuletee. Mke mpya asikose kitu. Endelea kumwimbia Mihayo.

Dada yako,
Philomena

Geita, 9 Juni 1954

Dada yangu,

Shikamoo. Leo sikuulizi hali kwa mazoea, nauliza kweli.

Cherehani ilifika jana pamoja na rozari. Niliruka kwa furaha, nikamwita Mihayo aone zawadi ya harusi. Akaizunguka, akauliza, "Sasa dada atashonea nini?"

Nikamtania kwamba ana wivu, maana kwao wametuletea kuku tu. Hakucheka. Akaniambia kwamba miaka ya kazi kupungua idadi ya waliojiua ilipanda, na kwamba hakuna sababu moja: huyu aliugua, yule aliachwa, mwingine alizama katika pombe, na wengi waliishi peke yao. Ila jambo moja amelikuta tena na tena, wenzao walilieleza baadaye: waligawa vitu vyao vizuri, na waliopewa walishukuru.

Nami nimekuwa nikishukuru.

Kwetu neno hili halitamkwi. Mihayo anasema kuuliza hakumsukumi mtu. Dada, unawaza kujiua? Niambie, sitakulaumu. Nimempelekea jirani yako Mbuke simu ya maandishi aje akae nawe. Lori la leo limejaa. Eustace amekubali kubeba barua hii tu. Kesho nakuja mwenyewe na kikapu changu. Ningoje. Nakuhitaji wewe, si vitu vyako.

Mdogo wako,
Serafina

Shinyanga, 15 Agosti 1954

Mdogo wangu,

Marahaba. Natumaini ulifika salama huko Geita na Mihayo hakukonda kwa kukukosa. Umeniachia Mbuke; anakoroma kama garimoshi la Mwanza na amekataa kurudi kwake. Siku ile uliponiuliza tena pale mlangoni, nikasema ndiyo, nilidhani utapiga kelele. Ulikaa tu, ukanishika mkono.

Kila Jumatano Mbuke ananisindikiza kwa daktari wa misheni. Siku nyingine bado ni nzito. Nikiamka hivyo, namwambia kabla ya chai.

Juzi alinunua kitambaa cha gauni, akanitupia magotini, akasema fundi asiye na cherehani ni mpiga soga tu. Nimeshakikata.

Pasi na rozari kaa nazo. Cherehani yangu nirudishie.

Dada yako,
Philomena