Mvuke wa Chini ya Blanketi

Kibera, Nairobi

Mama mpendwa,

Pokea salamu zangu. Natumaini mgongo umepata nafuu na kuku wako wamenusurika na mvua. Mimi naamka, nafulia watu nguo, nalala. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu huwa unanikatiza kabla sijafika ninapokwenda. Boaz anasafiri kuja huko nyumbani, atakukabidhi barua hii mkononi.

Uliuliza habari za mjukuu wako Billy. Mkono unapona, ila vidole viwili vimeshikana, na nesi anasema huenda akapasuliwa. Nilimuuliza mbona mtoto ameungua hivyo na maji hayakumgusa. Akanieleza kwamba maji yakichemka humeza moto mwingi ndipo yawe mvuke, na mvuke ukigusa ngozi hurudi kuwa maji, ukauachilia moto wote huo hapo hapo. Nililia mbele yake, Mama, kwa hasira.

Maana nilikuomba. Siku ile ulipotaka kumfukiza mafua, nilikuomba usubiri sufuria ipoe kidogo. Ukanijibu kwamba umetufukiza sisi sote na hakuna aliyekufa, mvuke ni hewa tu. Ukajifunika naye blanketi, ukafunua kifuniko mkono wake ukiwa juu ya sufuria.

Mume wangu Austine aliporudi kutoka kazini, ulimwambia nimeacha maji moto karibu na mtoto. Nikanyamaza. Ulikuwa kwa mkweo, mahali ambapo kwa desturi yetu hukupaswa hata kulala, nami sikutaka uaibike mbele yake. Wewe ulikunywa chai yako, na asubuhi ukapanda basi.

Sasa nikuambie nililokuficha. Austine aliondoka na Billy kwa sababu ya maji yale; habari za mkono nazipata kwa nesi. Wanakaa kwa dada yake, Kawangware, pale kituo cha 46. Wiki jana nilikwenda nikamweleza ukweli wote pale mlangoni. Alicheka. Akaniuliza, "Celine, kwani mvuke huchoma mtu hivyo?" Akasema sina haya, kumsingizia mama aliyenizaa. Wifi akafunga mlango. Nilimsikia Billy ndani akiuliza ni nani amekuja, akaambiwa ni muuza mboga.

Nimechoka kukuheshimu peke yangu, Mama.

Nisalimie Baba na akina mama wa kanisani. Mimi usinirudishie salamu. Simu yangu Austine hapokei. Yako atapokea. Mpigie.

Ni mimi binti yako,
Celine