Mama Mkwe wa Salto

Montevideo, 4 Agosti 1996

Kwako mwanangu Nidia,

Salamu hizi zikukute mzima. Mimi sijambo, ila goti la kushoto linanuna kila baridi ikizidi. Tangu nifunge duka langu la kinyozi sina kazi nyingine ila maonyesho, na wiki hii nimekwenda mara mbili.

Jumanne nilitazama mchezo wa mfalme aliyepofuka. Mwongozaji kawavisha wote makoti ya mvua. Kwa nini? Hata wao hawakujua. Mfalme alichukua muda mrefu kufa, mpaka bibi mmoja nyuma yangu akasema, "Kufa basi, baba, basi la mwisho litatuacha!"

Alhamisi nikaenda kumsikiliza kijana anayepiga ile fidla kubwa ya kukumbatia. Vidole vyake vina baraka, lakini uso kaukunja kama anayeng'olewa jino. Nikifumba macho nafurahi, nikifumbua naumwa mimi. Mpiga piano wake naye alikuwa na haraka, nadhani aliacha nyama jikoni.

Huko kwenu kuna nini? Au bado mnatazama machungwa yakiiva?

Baba yako,
Dardo


Salto, 17 Agosti 1996

Baba mpendwa,

Shikamoo. Hapa sote wazima. Barua yako niliisoma kazini, nikacheka peke yangu hadi wateja wa duka la dawa wakanihurumia.

Sasa kaa kitini. Tangu Machi nimo katika kikundi cha maigizo cha klabu ya reli. Tunaonyesha mchezo unaoitwa "Funguo za Kabati". Mimi ndiye mama mkwe, bibi wa miaka sabini anayemfungia mkamwana wake sukari. Tunaanza tarehe saba Septemba, kisha kila Jumamosi hadi mwezi uishe.

Nakuomba jambo moja, Baba, kwa heshima zote: usije. Nilipokuwa na miaka kumi na miwili niliimba shuleni, ukaniambia mbele ya mwalimu kwamba nilikuwa vizuri mpaka nilipofungua mdomo. Watu walicheka, na mimi nikacheka. Lakini sijaimba tena.

Binti yako,
Nidia


Montevideo, 25 Agosti 1996

Mwanangu,

Hujambo? Goti linakusalimu. Nimekusikia. Siji. Jumamosi hiyo nina tiketi ya kwaya ya wastaafu wa benki, ambao huimba kana kwamba bado wanahesabu.

Wewe paza sauti tu. Hata sisi wenye masikio mabovu tumelipa.

Baba yako


Salto, 9 Septemba 1996

Baba,

Shikamoo. Sikuulizi hali, maana nilikuona kwa macho yangu: safu ya nne, kofia magotini. Kidogo chungu nilichobeba jukwaani kinianguke.

Baada ya mapumziko nikatazama tena. Kiti kitupu. Nilimaliza mchezo sijui vipi. Watu walipiga makofi, mimi naona kiti tu. Nyumbani nikapasha supu, nikakusubiri. Kumbe ulikwisha panda basi bila hata kunigongea mlango.

Hata kama niliboronga, Baba, salamu ingekugharimu nini?

Binti yako


Montevideo, 12 Septemba 1996

Nidia wangu,

Sijui nikusalimu kwa uso gani. Sikuondoka, mwanangu. Nilitolewa.

Mbele yangu alikaa bwana mmoja mwenye shingo nene. Mara akamwambia mkewe, "Huyu mama mkwe si lolote." Nikamgusa bega.

"Bwana, tunasikiliza."

"Nimelipa, mzee."

"Umelipia kiti. Mdomo hukuulipia."

Mkewe akaangua kicheko, na hicho ndicho kilichomchoma. Akaninyang'anya kofia, nikaipokonya, nikampiga nayo. Mara mbili, nadhani. Mapumziko yalipofika, bawabu akanitoa nje kama mwizi wa kuku. Sehemu ya pili niliisikiliza uani, chini ya dirisha la jikoni la klabu, nimekalia kreti la soda. Baadaye nikaona haya kuja kwako. Neno langu nimelivunja, na fujo nimeleta kwenye siku yako, mtu mzima wa miaka sabini na mbili!

Nina maoni kuhusu uigizaji wako. Lakini safari hii nauliza kwanza: niseme?

Baba yako


Salto, 16 Septemba 1996

Shikamoo, Baba mchokozi,

Nimecheka mpaka mbavu zinauma, kisha nikalia kidogo, kisha nikacheka tena. Yule uliyempiga ni Olivera mwenye bucha. Mji mzima unajua. Mkewe alikuja jana kununua dawa ya kichwa, akaniinamia: "Mwambie baba yako asante."

Sema. Yote, bila sukari.

Binti yako


Montevideo, 20 Septemba 1996

Mwanangu Nidia,

Nashukuru u mzima, na unacheka. Haya.

Mwanzoni ulikuwa ukizungumza na sakafu. Sakafu haikununua tiketi. Mgongo uliupinda vizuri, lakini miguu ilibaki ya msichana anayewahi kazini. Na kile chungu ulikibeba kama kitupu. Bibi yule hawezi kubeba chungu kitupu, angeona aibu.

Ila sehemu ya pili, nikiwa pale uani, nilikusikia ukisema, "Keti, mwanangu, sukari imekwisha," kwa upole ule. Mpishi aliacha kuosha vikombe. Mimi mwenyewe nikahisi baridi, wala si ya goti.

Naomba ruhusa ya kuja Jumamosi ya mwisho. Ukikataa sitakuja, na mara hii ni kweli.

Baba yako


Montevideo, 30 Septemba 1996

Nidia mwanangu,

Nimefika salama. Asante kwa ruhusa, kwa kitanda na kwa supu, na Olivera unisalimie. Kumbe ukikaa ubavuni mwake ukumbini si mtu mbaya, anahema tu kwa nguvu.

Mezani nilisifia supu tu. Maoni yangu kuhusu mchezo niliyapata basi lilipovuka mto.

Nilikuja kumtazama binti yangu. Kwa muda mfupi nilimtazama. Kisha akaingia yule bibi na funguo zake kiunoni, na nikamchukia, Nidia, nikamchukia hasa. Nilitaka kupanda jukwaani nimpe yule mkamwana nauli arudi kwao. Taa zilipowaka na watu waliposimama kupiga makofi, ndipo nikakumbuka kwamba nina mtoto humo ndani, nikaanza kumtafuta alipo.

Baba yako,
Dardo