Kadi ya gemu haikuwa mbovu, na fundi amerudishwa nyumbani

Mshauri Munira, nakuandikia mie mwenyewe Albano wa Kigamboni, kwa mkono wangu, shule niliishia darasa la tatu lakini kwenye injini ya dizeli sijaona aliyesoma akanipita, nimefungua malori miaka arobaini na moja karakana ya Chang'ombe, na mpaka leo mtu wa huku kwetu pampu yake ya maji ikigoma anaitwa Albano, nikisema imekufa imekufa, nikisema itapona inapona. Sijisifu, nakueleza tu unaongea na mtu wa namna gani. Msaada ninaouomba ni mmoja na nitaufikia.

Magoti yangu yameisha, gari siendeshi tena, basi binti yangu Jovina ambaye nakaa naye akanionyesha kwenye simu gemu ya kompyuta ya kuendesha malori, unafunga usukani wa kweli mezani, unapakia mzigo, unapanda mlima, mvua inapiga kwenye kioo, nikasema hiyo ndiyo yangu. Tukaenda Kariakoo dukani kwa Taher, Mhindi mmoja wa Kibohora ambaye nilikuwaga namtengenezea baba yake gari la mizigo, tunaheshimiana. Fundi wake wa kuunganisha kompyuta ni mwanamke, Elinaza, Mpare, ana watoto wawili, anakaa Gongo la Mboto. Akaniwekea mezani prosesa mbili na kadi za grafiki mbili, akasema pesa yangu inanunua kimoja kikubwa na kingine cha kawaida, sasa nichague ukubwa niuweke wapi. Mie nikashika prosesa kubwa palepale.

"Hii ina kori ngapi?" Kori nikaelezwa ni kama silinda.

"Kumi na sita, mzee."

"Na hiyo ndogo?"

"Sita. Kwa gemu yako sita zinatosha kabisa."

"Mama, wewe mlima wa Kitonga umeshaupanda na silinda sita, mgongoni tani thelathini?"

"Nimeupanda na basi, mzee, nikiwa nimelala."

Jovina akacheka, mie sikucheka. Yule mama akaendelea kunieleza polepole kama ananyoa mtoto. Akasema prosesa kazi yake ni kuhesabu, lori liko wapi, mzigo kilo ngapi, gari la mbele linakata kona gani, halafu kadi ya grafiki ndiyo inachora barabara yenyewe, kila sekunde picha sitini, na gemu kama yangu kazi nzito iko kwenye kuchora. Akasema nikinunua mpiga hesabu wa kori kumi na sita na mchoraji dhaifu, hesabu zitaisha mapema zikae zinamngoja mchoraji. Mie nikamwambia injini ni injini, picha ni urembo. Jovina akasema baba, mwache mwenzio afanye kazi yake. Basi nikakubali prosesa ya kori sita na kadi kubwa, lakini nikamwachia neno, nikamwambia ikikohoa nitakurudia. Kesho yake tukalichukua kasha la kompyuta, kila kitu kimeshafungwa ndani, Elinaza akasema amelijaribu asubuhi nzima.

Sasa sikiliza hapa ndipo penye shida. Nyuma ya kasha matundu ya waya wa monita yapo sehemu mbili, ya juu na ya chini, na yale ya juu alikuwa ameyabandika utepe wa karatasi, juu ya utepe ameandika kwa kalamu USICHOMEKE HAPA. Mie kitu kipya siwekagi ndani na makaratasi yananing'inia, nikabandua tepe zote, na ule nao nikaubandua, miwani ilikuwa chumbani, sikuusoma, maneno yake niliyaona baadaye nilipouokota chini ya meza. Nikachomeka waya juu kwa sababu juu ndiko mkono ulikofika kwanza.

Gemu ikawaka, lori likaondoka, likawa linaenda kama mtu anafunua albamu ya harusi, picha moja, anangoja, picha nyingine. Nikikata kona, kona inakuja nimeshaingia mtaroni. Na nikwambie ukweli kwa kuwa sura yangu huijui, nilifurahi. Nikamwita Jovina aje aone silinda sita zinavyopanda mlima.

"Baba, mpigie Elinaza akuelekeze."

"Nipige simu niulize kitu ninachokijua?"

Kesho yake asubuhi nikatoa kadi kwa bisibisi yangu, nikaifunga kwenye gazeti, boksi lake tulilopewa dukani nilikuwa nimeshalichoma na takataka, nikavuka na kivuko kwenda Kariakoo. Elinaza hakuwepo, alikwenda Madale kwa mteja. Duka limejaa watu. Nikasimama kaunta.

"Taher, fundi wako kaniwekea kadi iliyotumika. Tazama vumbi hili."

"Shikamoo Mzee Albano, kaa kwanza. Boksi lake liko wapi tulinganishe namba?"

"Boksi nimechoma. Unataka boksi au unataka neno langu?"

"Neno lako silikatai, mzee wangu. Lakini Elinaza yuko na sie mwaka wa sita."

"Na mie vyuma nimeshika mwaka wa arobaini na moja. Hii imetumika, mpya ameiweka pembeni. Naapa mbele ya hawa wote."

Mteja mmoja aliyekuwa anahesabu noti akazirudisha mfukoni akatoka. Taher akamtazama anavyotoka. Halafu akashusha kadi nyingine kwenye shelfu, akaifungua mbele yangu, akanipa kwa mikono miwili. Lile vumbi, mshauri, ni la uani kwangu, kadi niliifungulia uani, lakini siku ile machoni pangu lilikuwa ushahidi.

Nikaifunga hiyo mpya, nikachomeka waya palepale juu. Ikawa ileile, albamu ya harusi. Nikakaa siku nne namwambia kila anayeuliza kwamba inakwenda vizuri. Siku ya tano, Jumapili saa nne asubuhi, Jovina yuko kanisani kwenye kwaya, nikawa nafagia nyuma ya meza, nikaona matundu ya chini yapo, safi, hayajaguswa. Nikahamisha waya. Barabara ikaja kama maji, nikaona mvua, nikaona majani, nikaona hadi namba ya gari la mbele. Niliendesha mpaka mchana bila kunyanyuka. Jovina aliporudi akauliza imekuwaje, nikamwambia kadi mpya ilikuwa inazoea.

"Kadi haizoeagi, baba."

Jumanne Jovina akarudi kutoka kazini kwake amekasirika. Kumbe amempigia Elinaza, akamkuta nyumbani, Taher amemwambia asije kazini mpaka mwisho wa mwezi, na kama mpaka siku hiyo hakuna cha kumtoa kwenye tuhuma ataajiri fundi mwingine. Elinaza kamwambia Jovina, "Nitajitetea na nini, dada? Aliyeapa ni mzee mwenye mvi, na boksi halipo." Jovina akaniuliza baba, una hakika, nikasema nina hakika.

Sasa mwisho wa mwezi zimebaki siku tisa. Mie sitaki yule mama akose kazi, siyo mtu mbaya, na kadi aliyonichagulia kusema kweli inapanda Kitonga. Ninachouliza, iko njia ya kumrudisha kazini bila mie kusema nimekosea? Nimefikiria nimwambie Taher kwamba umeme wa huku ulikuwa mdogo siku ile. Au Jovina aseme yeye ndiye aliyechomeka waya, yeye kijana, watasahau. Uelewe, watu wa huku wananisikiliza kwa sababu sikosei, wakijua nimekosea hili wataanza kuyahesabu na mengine, na jirani yangu Marselino anaingoja siku hiyo tangu nimwambie jenereta lake limekufa akalipeleka kwa mwingine likawaka. Nijibu upesi, na usiniandikie maneno ya kanisani, hayo padri anayo ya kutosha.

Albano, Kigamboni


MUNIRA ANAJIBU

Shikamoo Mzee Albano. Salamu imekwisha, sasa tusemezane.

Nimemsomea barua yako fundi mmoja wa kompyuta ninayemwamini, bila kumtajia mtu, na hakuhitaji hata kuimaliza. Prosesa uliyouziwa ina uwezo mdogo wa kuonyesha picha ndani yake, wa kutosha kuandikia barua na kutazamia sinema. Matundu ya juu ndiyo yanayotoa picha hiyo. Ya chini ni ya kadi. Ulipochomeka juu, kadi ilikaa bure ndani ya kasha na gemu nzima ikachorwa na prosesa. Umekaa na kadi mbili, moja ukailaumu, nyingine ukaisifu bure, na hadi ile Jumapili hakuna hata moja uliyokuwa umeipa kazi. Fundi wangu ameongeza kwamba ungeshinda ule ubishi, ukaondoka na kori zako kumi na sita na kadi dhaifu, hata waya ungeuweka mahali pake lori lako lingechechemea. Elinaza alikuchagulia vizuri.

Waya kuchomekwa pasipo pake sikulaumu. Hutokea kila siku, hutokea kwa vijana waliosomea, na ndiyo maana yule mama aliweka utepe. Ninachokulaumu umekiandika mwenyewe na ukapita haraka: ilipogoma, ulifurahi. Ulitaka igome. Mtu akishataka kitu kiharibike haulizi kwa nini kimeharibika, anatafuta wa kumbebesha, na wewe ulimpata akiwa Madale, hana habari.

Halafu ukajua, ukakaa kimya. Kuanzia Jumapili ile saa nne asubuhi hukuwa tena mzee aliyekosea. Umekuwa mzee anayejua mwenzake hana hatia na anaendelea na safari zake za malori mezani. Jovina alikupa nafasi Jumanne, ukamwangalia usoni ukasema una hakika. Hapo mzee wangu umenikera.

Njia unayoiuliza haipo. Umeme hauwezi kumtoa Elinaza kwenye tuhuma, kwa sababu hukuapa kwamba umeme ulikuwa mdogo, uliapa kwamba ameiba kadi mpya. Na ukimbebesha Jovina, utakuwa umewasingizia wanawake wawili kwa waya mmoja.

Nakuonea huruma, na sikudanganyi. Mtu ambaye watu wamemsikiliza miaka yote hiyo hajazoea kusimama mbele yao akiwa upande wa makosa, na katika umri wako kujifunza ni kazi. Lakini pima. Wewe unaogopa jirani akucheke. Elinaza anaogopa mwisho wa mwezi, tena baada ya hapo kila duka atakaloomba kazi litampigia Taher kuuliza aliondokaje. Kicheko cha Marselino kitachosha baada ya wiki mbili. Jina la mwizi wa vifaa pale Kariakoo halichoshi.

Basi fanya hivi. Leo, kabla hujala chakula cha jioni, mwite Jovina umwambie ulivyoniambia mimi, kuanzia utepe. Atakasirika. Mwache akasirike amalize.

Jumamosi saa tano asubuhi, duka likiwa na watu, nenda kwa Taher. Usipige simu, usimtume mtu na bahasha, usimvute Taher pembeni umnong'oneze. Ulisema kaunta, watu wakasikia, kwa hiyo utasema kaunta, watu wasikie. Jovina akusaidie kubeba kasha, waonyeshe tundu la juu na la chini. Maneno yako yawe machache: kadi ilikuwa mpya, waya niliuchomeka pabaya mimi, vumbi ni la nyumbani kwangu, Elinaza hakuchukua kitu, na kiapo changu kilikuwa cha uongo. Usitangulize habari za Chang'ombe, na usimalizie nazo. Ukishasema kiapo kilikuwa cha uongo, funga mdomo.

Kisha mwambie Taher akiwa mbele yako ampigie Elinaza simu amwite kazini. Usiondoke mpaka simu imepigwa. Siku alizokaa nyumbani zilipwe na wewe, wala usingoje kuombwa. Na ile kadi ya kwanza, kama bado imewekwa kando kama ushahidi, iombee irudi kwenye shelfu.

Elinaza mwenyewe utakutana naye akirudi. Mwombe radhi mara moja, kwa sauti, ukiwa umesimama. Akikupa mkono, upokee. Akikunyima, rudi Kigamboni bila kununa, mkono ni wake.

Namba ya simu ya duka la Taher nimeshaipata. Jumatatu saa tatu asubuhi nitapiga kuuliza bei ya prosesa ya kori sita, na nitaomba kuzungumza na fundi. Nataka nisikie sauti ya mwanamke wa Kipare.