Jiko Moja, Nyumba Moja

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha polisi cha pwani, Guna Yala, Panama
Jumatano, tarehe 11 Juni 2025, saa nane mchana

Jina: Nagiryai Morris
Umri: miaka 15
Kazi: mwanafunzi
Makazi: kisiwa cha Nabsadub
Aliyekuwepo: mwalimu wake, Bi. Zenaida Hurtado

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Mama yangu ni Celmira Morris, ambaye mmemweka hapa tangu jana. Tunaishi nyumba moja na dada yake, mama mkubwa Ofelina, pamoja na mumewe na watoto wao watano. Binti yao Eneida tumelingana umri.

Mnamo tarehe 3 Machi 2025, saa tatu asubuhi, kamati ya kuhamia bara ilianza kuhesabu kaya. Kila Desemba bahari hutuingilia ndani hadi magotini, na mawe ya matumbawe tunayojazia ukingo wa kisiwa hayatoshi tena. Nyumba zilizojengwa bara ni hamsini tu. Kwa kuwa mwandiko wangu ni mzuri, niliombwa kufuatana na mhesabuji, Mzee Atilio Davies, ili niandike. Kanuni ilikuwa jiko moja, nyumba moja.

Kwa jirani zetu, dada wawili waligombana mwaka jana kwa sababu ya sufuria, na tangu hapo kila mmoja anapika kwake. Niliwaandikia majiko mawili. Kwetu, mama na mama mkubwa hupika pamoja tangu walipokuwa wasichana.

Nilisema, "Mzee Atilio, hapa tuko kaya mbili."

Alicheka. "Nionyeshe jiko la pili, binti. Si mngegombana hata kidogo!"

Niliandika jiko moja, kwa jina la mama mkubwa kwa kuwa ndiye mkubwa. Nyumba ya bara ina vyumba viwili na wao ni watu saba. Mama alisema hakuna ubaya, sisi wawili tutasubiri awamu ya pili. Awamu ya pili haina tarehe.

Tangu hapo Eneida alikuwa akinitania. "Mdogo wangu, ukija kwangu upige hodi. Kule kuna milango." Siku nyingine aliniambia, "Mimi nitalala dirishani napigwa upepo, wewe ulale na kaa wako, wakukune mgongo." Nilicheka naye. Kisha nilikwenda kuchota maji, ingawa mapipa yalikuwa yamejaa.

Jumatatu tarehe 9 Juni, saa kumi alasiri, nilikuwa peke yangu katika nyumba ya mkutano nikinakili orodha ya mwisho kwa wino. Nje, Eneida alikuwa akiwaonyesha wenzake kitambaa cha pazia. Nilipofika nambari 31, mahali pa Ofelina Morris niliandika Celmira Morris. Sikukosea. Ndilo jina nililoliandika vizuri kuliko yote.

Jana saa nne asubuhi tulikwenda bara kupokea funguo. Ofisa aliita, "Thelathini na moja, Celmira Morris." Mama hakusimama mpaka watu walipomsukuma. Aliupokea ufunguo kwa mikono miwili, akamgeukia dada yake akicheka. "Dada, kumbe tumepata sote!"

Mama mkubwa alisubiri jina lake mpaka nambari hamsini. Halikuitwa. Orodha ilipolinganishwa na ile ya Machi, alisema mbele ya watu wote, "Celmira, miaka yote tunakula chungu kimoja, kumbe unanivizia?"

Mama aliniangalia mara moja tu. Halafu akasema, "Ni mimi. Nimebadilisha mimi."

Mume wa mama mkubwa aliita polisi, na saa sita mama alichukuliwa. Jioni Eneida alinisogezea bakuli la samaki na ndizi bila kunitania. Nililirudisha jikoni. Leo asubuhi nilimweleza mwalimu, tukapanda boti kuja hapa.

Mama hakujua lolote. Hajui kusoma wala kuandika, hata jina lake. Nyumba ni ya mama mkubwa, na ufunguo arudishiwe. Siombi nisiadhibiwe. Naomba mama arudi nyumbani, na kama kamati itahesabu tena, wahesabu watu.

Nimeulizwa kwa nini nilifanya hivyo. Nilimwonea Eneida wivu. Hata sasa ninavyosema, bado namwonea.

Nimesomewa maelezo haya, na yote ni ya kweli kama nilivyoyatenda kwa mkono wangu.

Sahihi: Nagiryai Morris

MAELEZO YA OFISA: Baada ya haya nilimwita Celmira Morris. Alirudia kwamba orodha aliibadilisha yeye, na kwamba mtoto anasema uongo. Nilimpa karatasi na kalamu aandike jina lake. Aliishika kalamu kwa muda mrefu, akachora mstari mmoja, akanirudishia. Aliniomba mstari huo nisimwonyeshe binti yake. Ameachiliwa saa tisa na dakika ishirini. Dada yake alikuwa kwenye benchi la nje tangu saa saba. Wameondoka kwa boti moja, yeye, dada yake na binti yake, pamoja na mwalimu.

Sajini Abdiel Cedeño