Mimba za Wakati wa Mvua

Baraka, Ijumaa, Novemba 1957

Mvua tangu alfajiri. Ziwa halionekani, na bati la materniti, hii nyumba ya uzazi ninamofanya kazi ya ukunga, linapiga kelele hata nasahau ninachofikiri. Nimechoka, lakini leo moyo wangu una nguvu.

Sofia amejifungua saa nne asubuhi. Mtoto wa kike, mdogo, analia vizuri. Mama yake ni mzima.

Jumatatu sikuamini kama tungefika hapa. Alikuja kutoka Lweba kwa miguu, mimba ya miezi minane, mama mkwe wake, Mama Alimasi, akimshika mkono. Uso umevimba, kichwa kinamuuma hata hawezi kutazama mwanga. Nikapima presha: iko juu sana. Nikachemsha mkojo wake juu ya taa ya spiriti, ukaganda mweupe kama ute wa yai. Nikajua kifafa cha mimba hakiko mbali.

"Ni baridi ya mvua tu," akasema Mama Alimasi. "Mi namurudisha nyumbani, nitamukanda na maji ya moto."

"Hapana, mama. Atalala hapa."

"We mutoto, umeshazaa mara ngapi?"

Sijazaa hata mara moja.

Basi nikamwambia jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Mwaka jana, mvua kama hizi, mwanamke alikuja miguu imevimba. Nilimwambia ni uchovu wa shamba, arudi kwake. Kifafa kilimwangusha njiani. Hakufika.

Mimi ndiye niliyemrudisha.

Mama Alimasi akaweka kikapu chini. "Onyesha fasi ya kulala."

Sofia alilazwa katika chumba chenye giza, chakula bila chumvi. Jumanne daktari alifika kutoka Fizi, amejaa matope, akaanza kumchoma sindano za kuzuia kifafa. Mama Alimasi alikaa mlangoni akifukuza kila mwenye makelele.

Mchana wa leo nimefungua daftari la materniti. Wenye kifafa cha mimba, karibu wote walikuja wakati wa mvua. Daktari anasema hajui sababu: labda baridi, labda njia mbovu zinawachelewesha. Mimi pia sijui. Ninachojua ni kwamba mvua ikinyesha, bamama hawanifikii mapema.

Basi nitawafikia mimi.

Jumatatu ijayo naanza, kijiji kwa kijiji, na kipimo cha presha begani. Nimemwomba daktari ruhusa, bado hajajibu. Akikataa, nitakwenda siku yangu ya mapumziko.

Viatu vya mpira ninavyo.