Gunzi kwenye Bomba la Mvuke

Ushirombo

Mjukuu wangu Kabula,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Huku tu wazima. Mama yako amemaliza kuvuna mpunga, na paka wako kazaa tena.

Umeuliza kama uizibe valvu ya kutolea presha ya tangi la maji ya moto humo kwenye mashua yenu ya matanga, maana inadondosha. Miaka ya tisini mimi na babu yako tulikuwa na gesti Rwamgasa, kwenye machimbo ya dhahabu. Wachimbaji walitaka kuoga maji ya moto, basi akachomelea pipa, juu akaweka bomba dogo la kutolea mvuke. Likawa linapiga mluzi. Wageni wakalalamika kelele, naye akaliziba kwa gunzi la mahindi, kama watu wanavyoziba chupa ya mafuta ya taa.

Nilipokwenda kuongeza kuni nikakuta pipa limevimba. Nikapiga ukelele, "Baba Kulwa, toa watu!" Tulipofika barabarani pipa likalipuka, na bafu halikuwa na paa tena. Hakuna aliyeumia.

Kwa hiyo ikidondosha, kinga kopo. Ikizidi, badilisha. Usiizibe.

Babu yako alitengeneza pipa jingine, bomba akaliacha wazi, na kila lilipopiga mluzi aliitika popote alipokuwa: "Haya, nimekusikia."

Bibi yako,
Mama Kulwa