Tulisugua Ndege Kama Sufuria

Ijumaa, mujini Baraka, Fizi. Mvua ya asubuhi imepita, jua liko kali, na mi nimejifungia ndani. Muntu akigonga, batoto banasema bibi anaumwa. Siumwi. Niko na haya.

Kwenye kiwanja cha zamani iko ndege ya abiria ambayo haiwezi kuruka tena. Bafundi ba sufuria banaitaka, baikate, bayeyushe. Mwalimu Wilondja anakataa. Anataka ibaki palepale, iwe makumbusho, batoto ba Fizi baingie, bakae kwenye viti, baone babu zao balisafiri namna gani. Kesho bakubwa ba serikali banakuja kuiangalia na kuamua: itunzwe ao iuzwe.

Mi niliiona ile ndege nikaudhika. Vumbi, mavi ya popo. Bageni banakuja, na unabaonyesha uchafu? Mwalimu alikuwa ameenda Uvira. Sikumungoja. Jana niliita bamama ba mutaa, tukabeba muchanga wa ziwa na majivu, vile tunasugua sufuria.

Jirani yangu Mama Riziki alisimama karibu na mulango wa ndege, pale palipochorwa korongo na namba.

“Haya maandishi tuyaache,” alisema. “Labda Mwalimu anayahitaji.”

“We sufuria zako ziko nyeusi mupaka ndani, ndiyo unanifundisha kusugua?”

Bamama balicheka. Mama Riziki alichota majivu, akasugua.

Rangi ilikuwa imechoka na jua. Ilitoka kama unga.

Leo Mwalimu amerudi. Nilimungoja pale na kitenge kipya, nikisubiri aksanti yangu. Ndege iliwaka mupaka macho yaliuma. Aliizunguka, akafika kwenye mulango, akaweka kiganja pale pa namba.

“Mwalimu, kwenu habafundishi kushukuru?”

“Bibi,” alisema polepole, “ile namba ndiyo ilionyesha hii ni ndege gani, ilitoka wapi. Kesho nitabaonyesha nini? Kwao sasa hii ni bati tu. Nani alisema ifutwe?”

Na hiki kinywa changu, kinachogombeza mutaa muzima, kilijibu: “Ni Mama Riziki.”

Alikuwa amesimama pale pale, nyuma yangu.

Alikaza kitenge chake kiunoni, akaenda zake.

Tangu hapo niko ndani natafuta maneno. Ya kugombeza siyatafutagi, yanakuja yenyewe. Ya kuomba musamaha sijui yanaanziaga wapi. Umri huu wote, na sijui.

Bakubwa bakifika kesho, nitasimama mbele yao niseme: hii kazi niliamuru mi, na Mwalimu hakuwako. Bakitaka kuikata, basi bajue ni nani aliiharibu. Lakini kwanza nitapita kwa Mama Riziki, nimuombe twende pamoja, asikie kwa masikio yake nikisema alinikataza.

Akikataa kutembea na mi, nitaelewa. Hata mi nisingetembea na muntu kama mi.